Jibu: Kitinda mimba anamaliza kidato cha sita, nafurahi na kuumia
Shikamoo mama. Umeuliza kama ni kawaida kufurahi na kuumia kwa pamoja kitinda mimba anapomaliza shule hapo Moshi. Ni kawaida kabisa, na usimfiche baba yake. Uchungu wenyewe mara nyingi hauji siku ya mahafali, maana mtihani wa Mei bado uko mbele; huja anapoondoka kwenda mafunzo ya JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Kabla ya hapo, cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo: majina yasipolingana na ya cheti cha kidato cha nne, ombi la mkopo wa chuo hukwama. Raba na shuka mbili za bluu za kwenda nazo JKT katafuteni soko la Memorial hapo Moshi, wewe na yeye tu. Mazungumzo mazito hutoka kirahisi mkitembea sokoni kuliko mkikaa sebuleni.