Maswali na Majibu: Ngozi Imefunga, Ndani Bado

Nilichanika vibaya pajani. Nyuzi zimetolewa, kidonda kimefunga, sasa ni wiki ya tatu. Naweza kurudia kazi ya kubeba mizigo?

Hapana. Swali hili haliishi, na kila anayeliuliza hupima uponaji kwa macho. Kilichofunga ni tabaka la juu tu. Mwanzoni chembe sahani ziligandisha damu, kisha chembe nyeupe zikaingia kula vijidudu na nyama iliyokufa. Ule uvimbe na joto la siku za kwanza ndiyo kazi yenyewe. Baadaye mwili ukaanza kusuka kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara, lakini ya haraka, nyuzi zake zimekaa ovyo. Kuifumua na kuisuka upya iwe imara huchukua miezi, hata mwaka na zaidi. Wiki ya tatu kovu lina takriban robo tu ya nguvu ya ngozi isiyoumia, na hata likikomaa huishia asilimia 80 hivi. Aliyekushona ndiye akuambie uanze lini na kwa uzito gani. Na kama unavuta sigara, acha leo. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na kidonda kisichofikiwa na damu hakiponi.

Kidonda changu nakimwagia spiriti kila siku lakini hakifungi. Niongeze dawa gani?

Usiongeze, acha hiyo. Mara ngapi tuandike? Spiriti haichagui: inaua vijidudu na inaua pia seli changa zinazojaribu kuziba kidonda. Osha kwa maji safi yanayotiririka. Kisha nenda ukapime sukari, maana kidonda kinachokaa wiki na wiki bila nafuu kina sababu yake, na sukari kuzidi kwenye damu ni mojawapo. Nashangaa pia kwamba kati yenu nyote hakuna aliyeuliza kuhusu chanjo ya pepopunda. Kidonda chenye kina kilichoingia udongo hakingojei kesho.

Si bora kiachwe wazi kikauke?

La. Mwaka 1962 mtafiti George Winter alionyesha kwa nguruwe kwamba kidonda kilichofunikwa kikabaki na unyevu huota ngozi karibu mara mbili upesi kuliko kilichoachwa kikauke. Seli za ngozi hutambaa kwenye unyevu; palipo na kigaga hulazimika kupenya chini yake.

Ndani naona nyama nyekundu, nikiigusa inatoka damu. Inaoza?

Inaota. Usiiguse.

Neva ya mkono ilikatika, ikaunganishwa. Miezi miwili sasa vidole bado vina ganzi. Upasuaji umeshindwa?

Ni mapema mno kusema hivyo. Neva hukua kwa takriban milimita 1 kwa siku, tena huchelewa kuanza. Pima kutoka kwenye kovu hadi ncha za vidole: sentimita 30 ni kama siku 300. Usikose kliniki wala mazoezi ya viungo, kwa sababu msuli unaokaa muda mrefu bila neva hunywea, na baada ya mwaka na nusu hivi ni vigumu kuurudisha. Kwa sasa vidole hivyo havitakuonya ukishika kitu cha moto, kwa hiyo pima joto la maji kwa ule mkono mwingine usioumia.