Jahazi la sufu: tanga linafumuka, sindano zinakatika, ukuta unatoa ukungu

SWALI: Assalaam alaikum, bi fundi. Mimi niko Langoni, Lamu. Nimejifundisha felti ya sindano, yaani kudunga sufu mpaka ishikane iwe kitambaa, na sasa natengeneza picha ya kutundika sebuleni, sentimita 60 kwa 40: jahazi na tanga lililojaa upepo. Kitambaa cha nyuma ni amerikani. Mpaka sasa nimevunja sindano 5. Tanga na povu la mawimbi vinafumuka nikivigusa tu, na nimedunga mpaka mkono umekufa ganzi. Hapo chini nilijaza sufi niliyoitoa kwenye mto wa zamani, ili paumuke kidogo. Kitambaa nacho kimejikunja pembeni. Isitoshe, picha ndogo niliyoifanya mwanzo niliitundika kwenye ukuta wa chokaa, na baada ya mvua za Mei nikaikuta ina madoadoa ya ukungu nyuma. Nakosea wapi?

JIBU: Waalaikum salaam, mwanangu. Nimeyasoma maelezo yako mara mbili, na shida ya tanga imo ndani ya herufi moja tu: umetia sufi mahali pa sufu.

Maneno haya yamekaa karibu mno na watu huyachanganya kila siku. Sufi ni ya mti, ile inayopasua ganda la msufi na kupeperuka uani. Sufu ni ya kondoo. Zote ni laini, lakini mbele ya sindano ya felti hazina undugu. Ng'oa unywele mmoja kichwani mwako, uupitishe baina ya vidole viwili kutoka shinani kwenda nchani. Unateleza. Sasa urudishe kinyume. Unakwaruza kidogo, kwa sababu una magamba madogo sana yaliyolaliana kama vigae vya paa. Unywele wa sufu una magamba hayo hayo, tena umejikunjakunja wenyewe. Sindano yako nayo haina tundu la uzi. Ubavuni, karibu na ncha, imechongwa vijino. Kila ukidunga, vijino vinanasa nywele chache za juu na kuzishusha chini. Sindano inatoka, nywele zinabaki, maana zimeshasokotana na wenzake na magamba yamezizuia kurudi. Rudia hivyo mara mia kadhaa mahali pamoja na sufu inakuwa kitambaa kigumu bila uzi wala gundi.

Sufi haina magamba. Uzi wake ni mwororo, una uwazi ndani na nta kwa juu. Ndiyo maana hauingii maji na zamani ulijazwa kwenye majaketi ya kuokolea watu baharini. Kwa mto hakuna kilicho bora zaidi. Kwa felti, sindano inaushusha na wenyewe unapanda tena. Kibaya zaidi, tabaka hilo la sufi limekaa katikati, sufu yako ya juu haikifikii kitambaa cha chini ikakishika. Ungedunga hadi Ramadhani ijayo, tanga lingefumuka vilevile.

Kwa hiyo lifumue. Najua inauma, lakini sufu ya juu haipotei: ivute taratibu kwa vidole, iweke kando, kisha toa sufi yote kwa kibano mpaka uone amerikani. Penye muumuko jaza sufu yenyewe, ile ya bei nafuu iliyochanwa lakini haikusokotwa kuwa uzi. Weka kidogo, dunga mpaka ukibonyeza kwa kidole irudi kama mkate uliookwa, ndipo uongeze. Anayeweka donge zima kwa mara moja hupata ngozi ngumu juu na uvungu chini.

Usitafute sufu hiyo kwa kondoo wa huko kwenu. Kondoo wa pwani, hao wa Kisomali wenye vichwa vyeusi na wale wekundu wa Kimaasai, wana nywele fupi, si sufu ya kufanyia felti. Sufu hutoka bara kwenye baridi, Nyandarua, Nakuru na Laikipia, kwa kondoo wa aina ya Corriedale na Merino. Ukiagiza, chukua Corriedale kwa kazi kubwa: nywele zake ni nene kiasi na zinashikana upesi. Merino ni nyembamba na inavutia mkononi, lakini inachelewa kushika na inaonyesha kila tundu la sindano. Iweke kwa anga na kwa maji ya mbali. Kama una shaka na ulichouziwa, choma nywele chache kwa kiberiti. Sufu inanuka kama nywele zinazoungua, inazimika yenyewe na jivu lake linasagika. Nailoni na akriliki huyeyuka zikabaki tone gumu. Pamba na sufi huwaka kama karatasi.

Sindano sasa. Tano ni nyingi kwa picha moja, lakini sababu naiona. Amerikani imefumwa kwa kubana; sindano inapita kwa nguvu, na mtu akichoka mkono unalala. Sindano ya felti ni chuma kigumu kisichopinda. Ukiiingiza imesimama ukaitoa imeinama, inakatika hapo hapo, mara nyingi ncha tu. Itoe kwa njia ile ile iliyoingilia. Waangalie kina mama wanaoshona kofia huko kwenu: sindano inashuka imesimama, inapanda imesimama, mkono hauna haraka. Huo ndio mwendo. Kama unataka kudunga kwa mshazari, na kuna mahali inafaa, basi ingia mshazari na utoke kwa mshazari huo huo.

Halafu angalia namba. Kadiri namba inavyokuwa kubwa, sindano inakuwa nyembamba. Namba 36 ni ya kukamata donge mwanzoni, 38 inafanya kazi nyingi, 40 ni ya kumalizia. Watu wengi huanza na 40 kwa kuwa inaingia kirahisi, wakailazimisha kufanya kazi ya 36, ikakatika. Kwa jahazi lako, anza mawimbi na tanga kwa 36, hamia 38 sufu ikianza kukaza, na 40 ibakie kwa foromali (ule mti unaobeba tanga), kamba na ukingo wa tanga. Foromali iache mwisho kabisa. Sokota sufu ya kahawia kati ya viganja mpaka iwe kama utambi, ilaze mahali pake, idunge kwanza ncha zote mbili, kisha katikati, kisha ujaze mapengo. Ukianzia upande mmoja na kwenda nayo, itasogea na utapata foromali iliyopinda.

Zile ncha 5 zilizokatika, umezipata zote? Kama hujazipata, simamisha kazi. Pitisha sumaku juu ya picha na chini ya sponji unayoilazia picha ukidunga mpaka zitoke, maana siku moja mtoto ataegemea hapo. Hewa ya bahari nayo inakula sindano hizi. Kutu kidogo tu kwenye vijino inafanya sufu ikwame, nawe unaongeza nguvu, na huko ndiko kuvunjika. Mimi zangu nazihifadhi ndani ya kopo lenye mfuniko, zimechomekwa kwenye kipande cha sufu kilichoguswa tone la mafuta ya cherehani. Kabla ya kuanza nazidunga mara chache kwenye kitambaa kibovu ili mafuta yasiingie kwenye picha.

Kitambaa kujikunja kunatokana na kudunga sana mahali pamoja huku kwingine kukiwa kutupu: sufu inakaza na kuvuta amerikani. Tandaza kwanza tabaka jembamba la anga na bahari juu ya eneo lote, ulishike kwa kudunga hapa na pale, ndipo uje kwenye jahazi. Bandua picha kutoka kwenye sponji kila baada ya dakika chache, la sivyo inaota mizizi humo. Kwa hii uliyonayo, ilaze kifudifudi juu ya taulo, weka kitambaa kibichi nyuma yake, pitisha pasi kwa moto wa sufu huku ukivuta pembe taratibu. Mara ijayo acha amerikani na utumie kipande cha blanketi kuukuu la sufu tupu. Sufu inashika sufu, na sindano inapita bila kugombana.

Sasa ukuta, na hapa nataka unisikilize sana, kwa sababu kosa hilo nimelifanya mwenyewe. Miaka mingi nyuma nilitundika picha ya kwanza niliyojivunia katika nyumba ya mawe huko mtaani Mkomani, imegusana na lipu ya chokaa. Kusi ikaingia, mvua zikaja. Nilipoitoa, mgongo wake ulikuwa na ukungu wa kijivu, na upande wa chini sufu ilikuwa imekauka, ukiivuta inakatika kama nyasi.

Sufu inaweza kunyonya unyevu wa hewani hadi karibu asilimia 30 ya uzito wake bila wewe kuhisi ubichi ukiigusa. Kuta za matumbawe nazo hunyonya maji na kuyatoa nje pamoja na chumvi. Kwa hiyo picha iliyobanwa ukutani inakunywa kutoka nyuma na haina pa kukaukia. Tena chokaa na nywele haviendani. Sufu ni protini kama unywele wako, na chokaa mbichi huila protini polepole. Ndiyo sababu pia usithubutu kutoa ukungu huo kwa dawa ya kung'arisha nguo nyeupe: klorini inayeyusha sufu.

Lipe jahazi lako nafasi ya kupumua. Libandike kwenye fremu ya mbao isiyo na ubao nyuma, gundi au uzi ushike pembeni tu, na kwenye pembe za chini weka vipande vya koki au mbao vyenye unene wa sentimita 2 ili lisiguse ukuta. Na tafadhali usipigilie misumari kwenye lipu ya zamani, hasa yenye zidaka, vile vishubaka vya mapambo ukutani. Mji wenu wa kale umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na lipu hiyo ikishabomoka hakuna mafundi wengi wa kuirudisha. Boriti zipo juu. Funga kamba mbili za katani kwenye boriti, uishushe fremu mpaka usawa wa macho. Vyumba vya mawe ni vyembamba, upana wake haukupita urefu wa boriti, mita 3 hivi au pungufu. Mgeni ataiona picha kwa karibu, na kamba mbili zilizonyooka zitaipendezesha. Usiielekeze kwenye jua la dirisha, rangi zitapauka. Wala usichague ukuta unaopakana na choo.

Kuhusu nondo, kabla ya kuanza kazi, sufu inayofika kutoka bara itie kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa na uiweke wiki 2 kwenye friza la nyuzi 18 chini ya sifuri. Kama nyumbani hakuna, waulize wauza samaki.

Ile picha ndogo usiitupe. Subiri siku ya upepo mkavu, itoe kivulini nje ikauke kabisa, kisha jifunge kitambaa puani na upige mswaki laini mgongoni, ukungu uondoke na upepo. Doa likiwa limepenya mpaka mbele, tandaza juu yake sufu nyembamba ya rangi ile ile, ile inayoonyesha mwanga ukiinyanyua, na uidunge kwa namba 40 mpaka usione ilipoanzia.