Kwa unayeanza kazi ya bustani Tabora: wiki sita za kwanza za nyasi mpya

Mafundi wengi wakishatandaza nyasi huona kazi imekwisha. Wanaosha majembe, wanapokea hela yao, wanaondoka. Mdogo wangu, hapo ndipo kazi inapoanza. Nyasi uliyoipanda leo imeacha sehemu kubwa ya mizizi yake kule ilikong'olewa. Ukijani unaouona siku hiyo ni akiba ya majani yenyewe, na kwenye jua letu la Oktoba akiba hiyo haimalizi wiki. Kila nitakachokuelekeza hapa kinahusu mizizi. Ikishika, rangi itakuja.

Anza na udongo, maana ukishafunikwa huwezi tena kuurekebisha. Sehemu kubwa ya mji wetu ni kichanga: unamwagia asubuhi, saa saba mchana juu pamekauka kabisa. Ukienda mabondeni unakutana na udongo mweusi wa mbuga, unaoshika maji vizuri lakini ukikauka unapasuka, na nyufa zake zinakata mizizi michanga. Kote kuwili dawa ni samadi iliyooza hadi imekuwa nyeusi na haina harufu kali. Tandaza tabaka la sentimita 2 au 3, changanya na udongo hadi kina cha nusu jembe, sawazisha kwa reki. Samadi mbichi iache. Inaunguza, inaleta mbegu za magugu na inaita mchwa. Ndago nayo ing'oe sasa, chimba hadi upate vile vitunguu vyake vidogo, kwa sababu gugu hili likishachomoza katikati ya ukoka, nyasi yetu ya kutambaa, utahangaika nalo miaka.

Tabora mbolea ya tumbaku haiko mbali, ile ya NPK 10:18:24, na wenye bustani wengi watakuletea mfuko uliobaki shambani. Si mbaya, ila mahali pake ni ndani ya udongo kabla ya kupanda, karibu kilo 3 kwa mita 100 za mraba. Usiimwage juu ya majani machanga.

Nyasi ikifika kwenye viroba, ingiza mkono katikati ya kiroba kimoja kabla hujalipa. Ukikuta joto, na majani ya ndani yameanza kuwa njano, hiyo imelala njiani na imeanza kuoza. Ikatae kwa upole lakini ikatae. Iliyo nzuri ipandwe siku hiyohiyo, na wakati inasubiri ikae kivulini ikiwa imenyunyiziwa maji. Kama ni vipande vyenye udongo wake, vibananishe, jaza mchanga mchanganyiko kwenye maungio, kisha weka ubao juu na uukanyage ili chini pasibaki nafasi ya hewa. Mzizi ukikuta nafasi ya hewa unakauka. Kama ni vipando vya ukoka, kila kimoja kiwe na vifundo viwili au vitatu, fukia sehemu kubwa na uache ncha nje, umbali wa sentimita 10 hadi 15.

Sasa maji. Hapa ndipo bustani nyingi za mji huu zinapokufa, na mara nyingi ni kwa sababu hakuna aliyepiga hesabu. Milimita moja ya maji juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Wiki mbili za mwanzo nyasi inataka kama milimita 5 kila unapomwagilia. Bustani ya mita 10 kwa 10 itakunywa lita 500, yaani madumu 25 ya lita 20. Kiangazi utamwagilia asubuhi na jioni, kwa hiyo tenki la lita 1,000 linaisha kwa siku. Kwa wiki mbili ni lita 14,000, na kwenye bili hizo ni uniti 14. Mwambie mwenye nyumba hesabu hii kabla hujachimba. Tangu maji ya Ziwa Victoria yafike mjini hali ni nafuu kuliko zamani, lakini bado uliza: maji yanatoka siku zipi mtaani kwake, tenki lake ni la lita ngapi, na nani atakayeshika mpira. Akiona hesabu ni kubwa, mshauri apande nusu ya eneo, au asubiri mwisho wa Novemba mvua zikishatulia. Mimi ningesubiri mvua kila inapowezekana. Kumbuka tu kwamba katikati ya msimu mvua hukatika siku kadhaa, na hapo inabidi mpira urudi kazini.

Huyo atakayeshika mpira ndiye mwanafunzi wako. Bosi anayekulipa ana kazi zake. Aliyepo nyumbani saa 12 asubuhi ni mlinzi, au dada, au kijana wa form four anayesubiri matokeo. Kaa naye. Mshikishe mpira mkononi, mwonyeshe jinsi ya kuweka kidole gumba mdomoni mwa mpira ili maji yatawanyike, kwa sababu maji yakitoka kwa nguvu moja yanafukua vipando na kuosha mchanga wa kwenye maungio. Mwambie saa: kuanzia saa 12 hadi saa 2 asubuhi, na tena kama saa 10 jioni, ili majani yakauke kabla ya usiku. Majani yanayolala na maji yanapata ukungu. Mtu huyu ukimheshimu na kumwelewesha sababu, bustani yako imepona. Ukimpa amri na kuondoka, atamwaga maji juu juu kwa dakika tano na kuzima.

Mfundishe pia kupima. Chukua msumari wa inchi 6, uchomeke, uchomoe, utazame. Udongo uliogandamana na msumari unaonyesha unyevu umeshuka hadi wapi. Ukiishia sentimita 2, mlimwagia vumbi tu. Siku za mwanzo tunataka sentimita 5 hadi 8.

Ikifika kama siku ya kumi, shika pembe ya kipande kimoja kwa vidole viwili na uvute taratibu. Kikiinuka chote bila kubisha, bado. Kikikataa, chungulia pembeni: utaona nyuzi nyeupe zimeingia kwenye udongo wa chini, nyembamba na laini. Kuanzia hapo punguza mara za kumwagilia na uongeze kiasi cha kila mara. Siku moja ndiyo, moja hapana, lakini maji yashuke kina cha kidole. Wiki ya tano au ya sita milimita 25 kwa wiki zinatosha, ukizigawa mara mbili, au mara tatu pale penye kichanga sana. Mizizi hufuata maji. Ukiendelea kunyunyiza kidogo kila siku, itabaki juu, na kiangazi cha kwanza kitaimaliza. Ila ukichungulia ukakuta mizizi ya kahawia na harufu ya kuoza, maji yamezidi. Acha siku mbili tatu.

Katika muda huo wote hakuna kukanyaga. Kuku wanaparua, mbuzi wa jirani wanang'oa, watoto wanacheza mpira. Weka hata uzio wa matawi. Gumu zaidi ni shughuli. Kuna mama atakuita Jumatatu akitaka nyasi kwa sababu ana kipaimara Jumamosi. Mjibu kwa heshima, "Mama, nyasi hii ikikanyagwa na viti vya wageni Jumamosi, Jumapili hutakuwa na kitu." Mpe tarehe ya baada ya sherehe. Utapoteza kazi moja moja kwa msimamo huu, na ni sawa.

Mchwa wapo kila mahali kwetu. Wanachokipenda ni vitu vikavu: kisiki kilichofukiwa, vipande vya mbao za ujenzi, kingo za nyasi zilizokauka. Ondoa hivyo kabla ya kupanda na usiache kingo zikauke. Kingo ndizo zinazotangulia kukosa maji. Utawaona watu wanamwaga oili chafu ya gari kuzunguka bustani. Usifanye hivyo hata ukiombwa. Oili inaua nyasi, na udongo ule hautazaa kitu kwa muda mrefu.

Kukata: subiri majani yafike sentimita 6 au 7, kisha ondoa theluthi moja tu, udongo ukiwa mkavu juu. Kwanja kwa mara ya kwanza hapana, linavuta nyasi kabla haijashika vizuri. Tumia mashine yenye kisu kilichonolewa, au mkasi kama eneo ni dogo. Magugu yang'oe kwa mkono. Dawa za magugu zisubiri.

Mbolea ya urea usiiguse kabla ya wiki ya nne, na hata ya sita si kuchelewa. Gramu 10 kwa mita ya mraba zinatosha, yaani kilo 1 kwa ile bustani ya 10 kwa 10. Kama huna mizani, vifuniko viwili vya soda kwa kila mita ya mraba vinakaribia hapo. Tawanya majani yakiwa makavu, mwagilia papo hapo. Ukiacha punje zikae juani, kesho utakuta madoa yaliyoungua.

Jambo moja watu hawapendi kuambiwa: ukoka chini ya mwembe haukai. Unataka jua saa sita kwa siku au zaidi, na miembe ya Tabora, iwe ya mitaa ya Kitete au Isevya, haina mchezo na kivuli. Mwambie mwenye nyumba kabla hajanunua. Pale chini weka nyasi aina ya pemba, yenye majani mapana na inayovumilia kivuli, au acha changarawe na viti vya kupumzikia.

Kwenye makubaliano yako weka ziara tatu za kurudi: baada ya siku tatu, baada ya siku kumi, na mwisho wa mwezi. Zitoze. Ziara ya mwisho ndiyo ya kumweleza mwenye bustani kuhusu Agosti na Septemba, atakapoona ukoka wake umekuwa rangi ya nyasi kavu na kutaka kuung'oa wote. Akupigie simu kwanza. Nenda, chukua shina moja la ukoka linalotambaa, ulikwangue kwa ukucha kwenye kifundo. Ndani kukiwa na ukijani, ukoka uko hai, umelala tu. Apunguze kuukanyaga, aumwagilie vizuri mara moja kila baada ya wiki mbili au tatu, na asiuwekee urea hadi mvua za Novemba zianze.