Visima vinavyokauka Septemba: maswali yenu kuhusu maji ya ardhini Tabora

Safari hii barua nyingi zimetoka kwenye vijiji vinavyogeuka kuwa miji, ambako viwanja vinapimwa kila kukicha na maji bado ni yale yale.

Mtaalamu ametuambia tusichimbe visima vipya kabla ya kutengeneza modeli ya maji ya ardhini. Hiyo modeli itatuonyesha pa kuchimba? (Mjumbe wa kamati ya maji, Sikonge)

Haitawaonyesha. Pa kuchimba hutafutwa na wapimaji wanaopitisha umeme ardhini. Modeli ni hesabu ya kompyuta: eneo lenu hugawanywa vyumba vyumba, na kila chumba hupewa aina ya mwamba, kina cha maji, mvua inayopenya na kiasi kinachovutwa na pampu. Kisha mnaiuliza: watu wakiongezeka maradufu, maji yatashuka hadi wapi? Kanuni inayoiendesha ni ya mhandisi Mfaransa, Henry Darcy, aliyeitangaza mwaka 1856 baada ya kupitisha maji kwenye mchanga na kuyapima.

Siku ya kupimwa, kisima chetu kilitoa maji mpaka akina mama wakapiga vigelegele. Sasa kila Septemba pampu inavuta hewa. Tulidanganywa? (Urambo)

Huenda hakuna aliyewadanganya. Sehemu kubwa ya Tabora imekaa juu ya itale, mwamba wa kale ambao ukiwa mzima haushiki maji. Maji yamo kwenye tabaka lililooza juu yake na kwenye nyufa zake. Pampu ikiwashwa hunyonya kwanza nyufa zilizojaa, na kipimo cha saa 24 kinaweza kwisha kabla upungufu haujaonekana. Ikiingia miezi ya kiangazi, Mei hadi Oktoba, nyufa hungoja tabaka la juu liziteremshie maji, nalo huteremsha taratibu.

Sasa jirani naye achimbe chake, mita mia mbili kutoka hapo, kwenye ufa uleule. Kila kisima kikipimwa peke yake ni kizima. Vikiwashwa pamoja vinanyang'anyana. Kupima kisima kimoja kimoja hakufichui ugomvi huo. Modeli hufichua, na kwangu hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuigharamia. Kwa sasa, jaribuni kuvuta kidogo kidogo kwa saa nyingi badala ya kukikamua chote asubuhi.

Mvua zetu si haba. Kwa nini tusipange kwa wastani wa mvua ya mwaka? (Mwalimu, Uyui)

Mwalimu, nyingi hurudi angani kwa jua na kwa mizizi ya miti. Makutupora, kwenye visima vinavyonywesha Dodoma, kina cha maji kimepimwa tangu miaka ya 1950. Vipimo vinaonyesha kwamba maji hujazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa mno. El Niño ya 1997/98 ilijaza kuliko yote. Ipo miaka ambayo karibu hakuna kilichoingia. Anayepanga mji kwa wastani ana maji ya kwenye karatasi.

Bomba la Ziwa Victoria limeshafika Tabora. Visima vya nini tena? (Tabora mjini)

Vya wale ambao bomba halijawafikia, na vya siku litakapopasuka.

Programu ya modeli ni ghali? Na sisi wanakijiji tunaweza kusaidia nini? (Kijana, Kaliua)

MODFLOW, ya idara ya jiolojia ya Marekani, ni ya bure. Gharama iko kwenye vipimo, na hapo ndipo mnapoingia ninyi. Kila mwezi, tarehe ileile, pampu ikiwa imelala usiku kucha, teremsheni kamba ya kupimia na mwandike kina cha maji. Andikeni pia saa za pampu. Kisima mlichokiacha msikifukie: kifunikeni, mkitie kufuli, mkipime pamoja na vingine, maana hakivurugwi na pampu yake. Mkandarasi wa modeli akiwaletea ramani zake za rangi rangi, muulizeni amezilinganisha na vipimo vya visima gani. Nakala ya daftari ipelekeni Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, Kigoma, mnapoomba kibali cha kutumia maji.