Ndimu haihusiki na asidi ya kansa
Dada wa Masasi unaeuliza kama ndimu anazokunywa mama zinaongeza asidi kwenye uvimbe wa kansa, hapana dada angu, ile asidi seli za kansa zinajitengenezea zenyewe, zinakula sukari kwa pupa zinaishia nusu njia, inabaki asidi ya laktiki zinaitupa nje, basi pale pembeni panachacha kama mabibo yaliyolala kwenye ndoo, pH (kipimo cha asidi, kikishuka ndio asidi imezidi) inashuka toka 7.4 hadi kama 6.5. Seli ikishaihisi inawasha baadhi ya jeni za inflamesheni (mwili kuvimba na kuwaka moto ukijikinga), mfano ile ya IL-8, protini inayovuta mishipa mipya ya damu, kansa nyingine jeni hizohizo zinapoa, na askari wa kinga wakifika pale wanalegea. Damu ya mama haitoki kwenye 7.4 kwa ndimu, anywe tu ila kliniki asiache jamani.