Uliza Daktari: Uboho wa baba waweza kugeuzwa ubongo?

*Shikamoo Daktari. Baba yangu ni fundi cherehani hapa Tanga, ana miaka 67. Mwaka wa nne sasa mkono wake wa kulia unatetemeka, na hospitali walisema ni Parkinson. Siku hizi hata uzi hawezi kuutia kwenye tundu la sindano. Wakala wa kliniki moja ya nje ametuambia kwamba huko huchota uboho nyongani, huuweka kwenye dawa kwa wiki moja, na seli shina zilizomo, yaani seli changa zinazoweza kuzaa seli za aina nyingine, hutoka zikiwa seli za ubongo. Kisha humchoma mgonjwa kwenye mshipa wa mkono. Anasema jeni haziguswi kabisa, kwa hiyo hakuna hatari. Gharama yake ni sawa na shamba letu lote la minazi. Je, ni kweli? — Binti wa fundi*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Nianze na shamba: msiuze.

Jambo mliloambiwa lina asili yake, na mimi mwenyewe niliwahi kuliamini. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walichapisha habari kwamba seli za uboho wa mtu mzima, zikitiwa kemikali fulani, huwa neva, yaani seli zinazopeleka ujumbe ubongoni, ndani ya saa chache, bila jeni yoyote kupandikizwa. Mwaka 2003 nilikuwa mwanafunzi wa maabara ughaibuni, nikafuata maelekezo yale hatua kwa hatua. Seli za uboho kwenye sahani hulala bapa, kama chapati iliyosukumwa. Nilitia dawa saa tatu asubuhi. Kufika adhuhuri zilikuwa zimejikunja, katikati zimekuwa duara, na mikono myembamba imetokeza pembeni. Nilipozipaka rangi ya kutambua protini za neva, zikashika. Nililia. Bibi yangu alifariki akiwa amepooza, na nilidhani nimeona dawa yake.

Mwaka 2004 timu mbili za Marekani zilichunguza jambo hilohilo kwa makini zaidi, zikaziangalia seli wakati zinabadilika. Ile mikono haikuota. Seli ilikuwa imesinyaa, na sehemu zilizong'ang'ania sahani ndizo zilizobaki zikionekana kama mikono. Timu moja ikajaribu sabuni, ikajaribu chumvi nyingi, na seli zikajikunja vilevile. Nilichokiona mimi ni seli zinazoumia.

Ndiyo maana leo nikiambiwa seli imegeuka neva, picha hainitoshi. Neva hujulikana kwa umeme wake: inapochochewa hurusha mshtuko, na hupokezana ujumbe na jirani yake. Kwa Parkinson kuna sharti la ziada, kwamba seli itoe dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia kuongoza mwendo wa mwili, maana seli zinazokufa kwa baba yako ni zile za ubongo wa kati zinazoitengeneza.

Hilo la kutogusa jeni nalo nilieleze, maana ndilo limewavuta. Jeni, yaani maelekezo ya urithi, ni kama kanga, na karibu kila seli ya mwili ina sanduku lilelile la kanga. Seli ya ngozi imevaa za ngozi, seli ya neva imevaa za neva, nyingine zimekunjwa chini. Njia ya kupandikiza jeni huleta kanga kutoka nje. Njia ya kemikali hufungua sanduku na kutoa zilizokuwa chini. Inawezekana, tena kwa kweli. Mwaka 2015 maabara moja ya Shanghai iligeuza seli za ngozi ya binadamu kuwa neva kwa mchanganyiko wa kemikali saba, na neva hizo zilirusha umeme. Mojawapo ya kemikali hizo ni valproate, dawa ileile wanayomeza wagonjwa wa kifafa. (Tafadhali, msimpe baba. Ikimezwa, yaweza kuzidisha mtetemeko.) Lakini hayo yalifanyika kwenye sahani. Kutoka hapo hadi kichwani mwa mtu bado ni mbali.

Na kutogusa jeni hakumaanishi usalama. Mwaka 2009 iliripotiwa habari ya mvulana wa Israel aliyepelekwa Moscow kuchomwa seli shina za neva zilizotoka kwa vijusi. Miaka minne baada ya matibabu ya kwanza alikutwa na uvimbe kwenye ubongo na uti wa mgongo, na vipimo vikaonyesha umetokana na seli za watu wengine.

Halafu huo mshipa wa mkono! Seli shina za uboho zikichomwa hapo, nyingi hunasa mapafuni. Huko Kyoto, Japani, ambako seli za dopamini zimejaribiwa kwa wagonjwa saba wa Parkinson, madaktari walizipeleka ndani ya ubongo wenyewe kwa upasuaji. Seli hizo hazikutoka kwenye uboho. Zilikuzwa kutokana na seli za mtu mwenye afya, zilizorudishwa kwanza katika hali ya uchanga kwa njia aliyoibuni mwanasayansi wa Japani, Shinya Yamanaka. Matokeo ya 2025 yanatia moyo: baadhi ya wagonjwa walipata nafuu ya mwendo na hakukuwa na madhara makubwa. Ila wagonjwa ni saba tu. Mtu anayewauzia ninyi wiki moja ya dawa na sindano ya mkono hafanyi jambo hilo.

Sasa nieleze, baba anameza levodopa, dawa ya Parkinson ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini? Saa ngapi? Hukuandika, na hilo ndilo linanisumbua zaidi. Protini hugombana na levodopa kuingia mwilini, kwa hiyo ameze nusu saa kabla ya samaki au maharage, si pamoja navyo. Chukua daftari, kwa wiki mbili andika saa anazomeza dawa na saa ambazo mkono unatulia au unazidi kutetemeka. Mpeleke nalo kwa daktari wake. Huenda kipimo cha dawa kinahitaji kubadilishwa, na mkono ukipata saa mbili za utulivu asubuhi, hizo ndizo saa za kukaa kwenye cherehani.