Tumbo Linapokaza: Kuutambua Uchungu wa Kweli

Hapa Pemba, mja mzito akisema tumbo linamkaza, kila aliyemo nyumbani hugeuka mkunga. Kwa kuwa nimezaa, na nimewasindikiza wadogo zangu hospitali, nitaeleza ninavyoutofautisha uchungu wa kweli na ule wa uongo.

Misuli ya mfuko wa uzazi hujikaza na kulegea muda mrefu kabla ya siku ya kujifungua. Daktari Mwingereza John Braxton Hicks aliieleza hali hiyo mwaka 1872, na hadi leo inaitwa kwa jina lake. Mkazo huo hauna mpangilio wala hauzidi nguvu, na mara nyingi hupoa mtu akibadilisha mkao, akikojoa au akinywa maji. Ndiyo maana aliyeshinda juani akianika karafuu bila ya kunywa kitu, kwanza nampa maji na kumlaza ubavu. Uchungu wa kweli haupoi kwa hayo: huja kwa kufuatana, ukizidi kukaribiana na kuuma, kwa kuwa ndio unaoifungua shingo ya kizazi.

Muda huhesabiwa tangu mkazo mmoja unapoanza hadi unapoanza mwingine. Ukianza saa 4:00, kisha mwingine ukaja saa 4:05, zimepita dakika 5, hata kama ule wa kwanza ulidumu dakika nzima. Wengi huanza kuhesabu maumivu yanapokatika, na hesabu yote huharibika.

Kwa mimba ya kwanza, wakunga wengi husema uende hospitali mikazo ikiwa kila dakika 5, kila mmoja ukidumu kama dakika moja, na hali hiyo ikiendelea kwa saa nzima. Kwa maoni yangu, kanuni hiyo inamfaa wa mjini, kwenye hospitali karibu, kama Chake Chake au Wete. Wa visiwa vidogo kama Kojani au Kisiwa Panza, anayengoja chombo kimvushe, aondoke mapema zaidi, na vivyo hivyo aliyekwisha kuzaa au kupasuliwa.

Usihesabu chochote ukitoka damu, maji ya uzazi yakitoka ya kijani, mtoto akipunguza kucheza, kichwa kikiuma sana na macho yakififia, au uchungu ukianza kabla ya wiki ya 37: nenda moja kwa moja. Na dawa za mitishamba za kuuharakisha uchungu, samahani kwa bibi zetu, ziacheni, kwani mfuko ukikazwa kupita kiasi huweza kupasuka. Nambari ya mwenye gari au mwenye mashua iandikwe nyuma ya kadi ya kliniki tangu mwezi wa nane wa mimba, na nauli iwekwe kando.